Afisa wa huduma za jamii katika polisi wa treni za BART: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

BART ni mtandao wa treni za umeme unaohudumia eneo la Ghuba ya San Francisco, jimbo la California. Ulianza kubeba abiria tarehe 11 Septemba 1972, na leo una stesheni 50 katika kaunti za San Francisco, San Mateo, Alameda, Contra Costa na Santa Clara. Shirika hilo lina idara yake ya polisi, na ndani ya idara hiyo kuna watumishi wasio askari. Mmojawapo ni afisa wa huduma za jamii, ambaye ndiye tunayemzungumzia hapa. Sheria zote tunazozitaja ni za California. Ukiwa unaomba kazi ya aina hii New York au London, mengi yatabadilika.

Je, afisa wa huduma za jamii ni polisi?

Hapana. Ni mwajiriwa wa idara ya polisi, anavaa sare, ana redio koli na anapokea maagizo kutoka chumba cha mawasiliano cha polisi, lakini hakula kiapo cha askari na habebi bunduki. Hatekelezi hati za kukamata, hasimamishi magari yanayotembea, hafukuzi mtu. Kazi yake ni ile sehemu ya upolisi ambayo haihitaji silaha: faini za maegesho, ripoti za makosa ambayo mtuhumiwa ameshaondoka, kuvutisha magari, kuongoza magari barabarani, kutunza vielelezo na mali zilizookotwa, kuelekeza abiria.

Kifungu cha 836.5 cha Kanuni ya Adhabu ya California kinamruhusu mtumishi wa umma, aliyepewa idhini kwa sheria ndogo, kumkamata mtu aliyetenda kosa dogo la jinai mbele ya macho yake. Wageni wa kazi hii hukisoma wakadhani wamepewa rungu. Ni idhini finyu, inafuata sera ya idara, na karibu kila mara jibu sahihi ni kurudi nyuma, kukaa mahali salama, kuita askari na kueleza vizuri unachokiona: mavazi, mwelekeo aliokwenda, mlango aliotokea.

Anatofautianaje na mkaguzi wa nauli na balozi wa usafiri?

Watu huwachanganya kwa sababu wote wana sare na wote wako chini ya idara ileile.

Mkaguzi wa nauli hukagua kama abiria amelipa. Sheria ndogo ya BART ya uthibitisho wa malipo ilianza kazi 1 Januari 2018, ikiwa na faini ya dola 75 kwa mtu mzima na dola 55 kwa mtoto. Mkaguzi anatakiwa kukagua kila mtu kwa mfuatano, bila kuchagua sura, na huvaa kamera mwilini.

Balozi wa usafiri, cheo kilichoanza Februari 2020, hutembea ndani ya treni ili abiria waone mtu wa kumwendea. Wale wa kwanza walitolewa miongoni mwa watumishi wa huduma za jamii, kwa hiyo usishangae kuwakuta watu waliofanya kazi zote mbili. Mtaalamu wa dharura za afya ya akili ana mafunzo ya ustawi wa jamii na huitwa pale mtu anapokuwa amechanganyikiwa au hana pa kulala.

Afisa wa huduma za jamii yeye ni mtu wa magari na makaratasi. Akifika stesheni, nusu ya kazi yake iko nje kwenye maegesho.

Hati ya faini ya maegesho ijazwe vipi isitupwe?

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kifungu cha 40202 cha Kanuni ya Magari kinataja yanayotakiwa kuwemo: kosa na kifungu chake, tarehe, saa, mahali, plate namba, mwezi na mwaka wa kuisha usajili kama unaonekana, tarakimu nne za mwisho za namba ya chesisi kama zinasomeka kupitia kioo cha mbele, rangi ya gari, na aina yake ikijulikana. Hati ibandikwe au ibanwe mahali inapoonekana, kwa kawaida chini ya waipa.

Fuata utaratibu mmoja kila mara. Kwanza soma kibao kilicho karibu na gari, kwa sababu stesheni moja inaweza kuwa na sehemu za malipo ya siku, sehemu za vibali na sehemu za kushushia abiria. Ada ya siku hudaiwa Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia 0400 hadi 1500 kwa mtindo wa saa 24. Nafasi za wenye vibali hulindwa hadi 1000, baada ya hapo mtu yeyote huegesha. Ukipiga faini ya kibali saa 1003 umejitafutia rufaa. Kisha andika plate namba kwa kuisoma kwenye bamba lenyewe, usiitegemee kamera ya mashine ya hati, maana B na 8, O na 0, D na 0 hubadilishana kila siku, hasa bamba likiwa na uchafu. Linganisha na zile tarakimu nne za chesisi. Piga picha tatu: bamba, gari pamoja na kibao katika fremu moja, na hati ikiwa imebanwa kwenye kioo. Picha ya pili ndiyo inayookoa hati nyingi. Picha ya gari peke yake haimwonyeshi msomaji kwamba pale palikatazwa.

Mwenye gari akiondoka kabla hujabana hati, usimkimbilie wala kuitupia dirishani. Andika kwamba aliondoka. Sheria inaruhusu nakala itumwe kwa posta ndani ya siku 15.

Mwenye gari akija akaniomba nifute?

Huwezi. Ukishaibandika, kifungu hichohicho cha 40202 kinakukataza kuibadilisha, kuificha au kuiharibu. Kama wewe mwenyewe umegundua umekosea, unaandika pendekezo la kufutwa na kulipeleka kwa wanaohusika. Mweleze kwa upole njia yake: ana siku 21 tangu hati itolewe kuomba mapitio ya kwanza, au siku 14 tangu apelekewe notisi ya kuchelewa. Akikataliwa ana siku 21 za kuomba kusikilizwa na mtu wa tatu. Akishindwa tena, siku 30 za kwenda mahakamani. Mtu aliyepewa tarehe hizi kwa sauti ya kawaida hutulia haraka kuliko aliyeambiwa "kaangalie nyuma ya karatasi".

Gari lililokaa siku nyingi nalishughulikiaje?

Ushahidi ni kwamba halikusogea. Andika saa ulipoliona mara ya kwanza, usomaji wa odomita (kipimo cha umbali ambao gari limetembea) kama unaonekana, majani au vumbi chini ya tairi, na mahali ilipo valvu ya kila tairi, yaani pale unapojazia upepo. Mahali hapo huandikwa kwa mfano wa uso wa saa. Waswahili waangalie: andika namba iliyochapwa kwenye uso wa saa. Valvu iliyo upande wa kulia kabisa ni 3, hata kama wewe mshale ukiwa hapo kichwani unasoma saa tisa. Makosa haya yamewahi kulifanya gari lililotulia lionekane limetembea.

Kuweka alama ya chaki kwenye tairi bado kunaruhusiwa California. Mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia jimbo hili iliamua hivyo mwaka 2022, ingawa mahakama nyingine ya rufaa, inayosimamia Michigan, ilikuwa imeamua kinyume mwaka 2019. Ukiona watu wanabishana mitandaoni kuhusu chaki, kila upande una hukumu yake. Picha za valvu hata hivyo ni ushahidi bora: mvua haizifuti.

Ni lini naweza kuvutisha gari?

Orodha iko kwenye kifungu cha 22651 cha Kanuni ya Magari. Sababu za kila siku ni hizi: gari limeziba njia au mlango wa dharura, liko mahali palipokatazwa kwa kibao kinachotaja kuvutwa, limekaa saa 72 au zaidi pale sheria ndogo inapokataza, au usajili wake umeisha kwa zaidi ya miezi 6. Sababu nyingine ni hati 5 au zaidi za faini ambazo hazijajibiwa, lakini hiyo usiigusie peke yake bila kuuliza msimamizi. Julai 2023 mahakama ya rufaa ya California iliamua kwamba San Francisco haikuwa na haki ya kuvuta, bila kibali cha mahakama, gari lililoegeshwa kihalali na salama kwa sababu tu ya deni la faini.

Kabla ya kuita gari la kuvuta, ipitishe plate namba na namba ya chesisi kwa chumba cha mawasiliano kuona kama gari limeibwa. Kama limeibwa, acha kuligusa. Sasa ni kielelezo, na askari anakuja. Kama ni safi, jaza fomu ya CHP 180, ambayo idara zote za California hutumia kwa gari lililovutwa, lililoibwa au lililopatikana. Zunguka gari ukipiga picha pembe nne, mikwaruzo yote, tairi, na vitu vinavyoonekana ndani. Andika kila kitu cha thamani: siyo "vitu mbalimbali", bali "kompyuta mpakato ya kijivu, kiti cha mtoto, viatu jozi 2". Malalamiko ya vitu vilivyopotea baada ya kuvutwa huja mara kwa mara, na fomu hiyo ndiyo kinga yako na ya dereva wa gari la kuvuta, ambaye lazima asaini.

Notisi kwa mwenye gari itumwe ndani ya saa 48, bila kuhesabu wikendi na sikukuu. Yeye ana siku 10 za kuomba kusikilizwa kama kuvutwa kulikuwa halali. Ikionekana hakukuwa halali, idara hulipa gharama za kuvuta na kuhifadhi.

Halafu kuna gari ambalo mtu analala ndani. Hapo simamisha utaratibu wote, ita msimamizi na mtaalamu wa dharura. Kuvuta nyumba ya mtu kwa fomu si jambo la afisa wa huduma za jamii kuamua peke yake.

Nafasi za walemavu: nikimwona mtu mwenye kadi anatembea vizuri?

Mwache. Ugonjwa wa moyo, mapafu na mgongo hauonekani kwa macho, na kumhoji mtu kuhusu mwili wake ni malalamiko ya hakika. Unachokagua ni kadi: kama imening'inizwa inavyosomeka, kama haijaisha muda, na kama aliyepewa ndiye anayesafiri au kusafirishwa. Kadi ya bluu ni ya kudumu, nyekundu ni ya muda na haizidi siku 180. Kuegesha bila kadi katika nafasi hizo ni kifungu cha 22507.8 cha Kanuni ya Magari, na faini ya kosa la kwanza ni kati ya dola 250 na 500. Mistari ya mshazari iliyo kando ya nafasi pia imekatazwa, hata kwa mwenye kadi, kwa sababu ndipo kiti cha magurudumu hushukia. Pikipiki hupenda kujibana hapo.

Abiria amerudi stesheni, gari lake halipo. Nianze wapi?

Anza kwa kutoamini kwamba limeibwa. Maegesho makubwa yenye ghorofa huwapotezea watu magari, na si kwa uzembe: mtu aliacha gari ghorofa ya 3 juzi, leo analitafuta ghorofa ya 3 wakati asubuhi hii aliliacha ya 4. Zunguka naye dakika 10. Uliza kama kuna mwanafamilia mwenye ufunguo wa pili, na kama anadaiwa malipo ya mkopo wa gari. Kisha uliza chumba cha mawasiliano kama limevutwa au limechukuliwa na mkopeshaji. Yote hayo huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa jimbo.

Kama bado halipo, chukua ripoti. Unahitaji:

- plate namba na namba ya chesisi, ambayo ina herufi na tarakimu 17 na kamwe haina I, O wala Q. Ukiona O ndani yake, ni sifuri;
- mwaka, aina, modeli, rangi, na alama za kipekee kama bonyeo, stika au rimu zilizobadilishwa;
- saa aliyoegesha na saa aliyokuta halipo, si saa aliyokupigia;
- nani ana funguo, na funguo zote ziko wapi;
- vitu vilivyomo, hasa silaha, dawa na hati za utambulisho;
- kifaa cha kulifuatilia, kama lina programu ya simu au kidude kilichofichwa ndani.

Mwonye kabla hajasaini kwamba ripoti ya uongo ni kosa la jinai. Sema hivyo kwa kila mtu kwa maneno yaleyale, ili asijione anatuhumiwa. Mara tu akisaini, peleka taarifa redioni. Kifungu cha 10500 cha Kanuni ya Magari kinataka gari liingizwe kwenye mfumo wa jimbo mara moja, si mwisho wa zamu. Chumba kitakurudishia namba ya faili. Iandike kwenye ripoti. Mwenye gari naye mpe namba ya kesi. Kwa Mtanzania hiyo ndiyo RB yake, kwa Mkenya OB: bima haitasogea bila hiyo.

Akiwa na programu inayoonyesha gari liko Oakland wakati huu, asilifuate, na wewe usilifuate. Mwambie aendelee kutazama na akutajie mwelekeo, wewe upeleke redioni.

Jambo moja husahaulika kuliko yote: mwenye gari akilipata mwenyewe siku mbili baadaye, lazima apige simu litolewe kwenye mfumo. Asipofanya hivyo, askari wa barabara kuu watamsimamisha yeye akiendesha gari lake, na watamsimamisha kama mwizi. Mwambie hivyo waziwazi, mara mbili.

Kioo kimevunjwa, begi limechukuliwa. Kwa nini mnauliza kama milango ilifungwa?

Kwa sababu katika sheria ya California kuvunja gari ili kuiba kulihitaji kuthibitisha kwamba gari lilikuwa limefungwa kwa loki. Mawakili walilitumia hilo kwa miaka mingi, hasa shahidi akiwa mgeni aliyesharudi kwao. Sheria iliyoanza 1 Januari 2025 imeongeza kosa la kuingia gari kwa nguvu kwa nia ya kuiba bila kutegemea loki. Hata hivyo swali bado huulizwa na jibu huandikwa kwa maneno ya mwenye gari: "Nilifunga kwa rimoti nikasikia mlio." Sentensi hiyo moja ina thamani.

Andika pia bei ya kila kitu na namna alivyoijua. Mstari wa dola 950 hutenganisha wizi mdogo na mkubwa. Namba ya kifaa ya kompyuta au baiskeli ndiyo pekee inayoweza kukirudisha. Ya baiskeli mara nyingi imechongwa chini, pale pedali zinapokutana. Kama hana, muulize kama ana risiti au picha ya boksi.

Nikimkuta mtu amezidiwa na dawa za kulevya?

Toa taarifa redioni kwanza: stesheni, ghorofa, mlango, anapumua au hapumui. Mwite kwa sauti, msugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika na pumzi ikiwa ya taratibu au ya kukoroma, midomo ikigeuka bluu au kijivu, mpe naloksoni ya kupuliza puani, dawa inayoondoa athari za heroini na jamii yake: mlaze chali, inua kidevu, ingiza ncha tundu moja, bonyeza mara moja. Dozi ya kawaida ni miligramu 4. Usiijaribu hewani kwanza, ina mpulizo mmoja tu. Msaidie kupumua kama una kifaa cha kukinga mdomo, na asipokuwa na mapigo anza kubonyeza kifua. Baada ya dakika 2 hadi 3 bila mabadiliko, dozi ya pili tundu la pili.

Akizinduka atakuwa na kichefuchefu, na pengine hasira. Umemtoa kwenye hali aliyoilipia. Mgeuze ubavu, simama upande wa kichwa, usimzingire. Mshawishi asiondoke, kwa sababu naloksoni huisha nguvu kati ya dakika 30 na 90 na dawa iliyo mwilini inaweza kudumu zaidi. Sindano iliyo chini usiifunike tena kwa kifuniko chake. Iokote kwa koleo uitie kwenye chombo kigumu.

Simu ya abiria imeanguka kwenye reli. Niishuke?

Kamwe. Reli ya tatu ya BART ina volti 1000 za umeme mnyoofu na iko wazi vya kutosha kuua. Hakuna mtu anayeingia njia ya reli bila idhini ya kituo cha kuongoza treni, na hakuna "dakika moja tu". Oktoba 2013 wafanyakazi wawili waligongwa na treni wakiwa kazini karibu na Walnut Creek. Baada ya hapo BART iliachana na utaratibu uliomwacha mfanyakazi ajilinde mwenyewe njiani. Kwa simu, mjulishe wakala wa stesheni. Kwa mtu aliyeanguka, piga redio utaje namba ya jukwaa ili treni zisimamishwe, na uwazuie wengine wasiruke kumfuata. Wema wa abiria ndio unaoongeza idadi ya majeruhi.

Watu wana hasira na polisi. Nikikabiliwa na maneno makali?

Utakabiliwa, na historia ipo. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2009 kijana Oscar Grant aliuawa kwa risasi na askari wa BART katika stesheni ya Fruitvale, akiwa amelazwa chini. Baada ya hapo BART iliunda ofisi huru ya ukaguzi wa polisi na bodi ya raia ya kupitia malalamiko. Abiria hatofautishi sare yako na ya askari, kwa hiyo usimwambie "mimi siyo polisi" kama utetezi, atasikia kejeli.

Kinachofanya kazi: simama pembeni, si mbele yake, acha njia ya yeye kuondoka, sema sentensi fupi, usirudie amri mara tano. Matusi si kosa. Akianza kusogea, wewe ndiye unayeondoka. Hati ya faini ya maegesho inaweza kumalizwa kwa posta, na hakuna kioo cha gari chenye thamani ya meno yako.

Mtu aliyechanganyikiwa huwezi kumzuia kwa nguvu ili apelekwe hospitali. Zuio la hadi saa 72 chini ya kifungu cha 5150 huamuliwa na askari au mtaalamu aliyeteuliwa.

Lazima niwe na uraia wa Marekani?

Kinachotakiwa kisheria ni kibali halali cha kufanya kazi. Hata askari kamili wa California hawalazimiki tena kuwa na uraia tangu 1 Januari 2023. Soma tangazo la nafasi kwa sifa nyingine. Cheti cha sekondari au mtihani wa GED unaolingana nacho, na leseni ya udereva ni vya kawaida. Leseni ya Kenya, Kongo au Tanzania haitoshi: mkazi wa California anatakiwa kuchukua leseni ya jimbo ndani ya siku 10 tangu awe mkazi.

Sehemu mbili za fomu zimeharibu maisha ya watu. Ya kwanza ni kisanduku cha uraia kwenye fomu ya I-9, ambayo mwajiri huitumia kuthibitisha kibali cha kazi: kama wewe ni mkimbizi au mwenye kadi ya kijani, weka alama kwenye kisanduku kinachokuhusu, kwa sababu kujidai raia wa Marekani kwa uongo ni kosa la uhamiaji ambalo karibu halisameheki. Ya pili ni swali la bangi. California inairuhusu, serikali ya shirikisho haijaihalalisha, na kukiri matumizi kunaweza kumdhuru asiye raia wa Marekani katika masuala ya uhamiaji. Usidanganye kwenye fomu. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuijaza.

Uchunguzi wa historia yangu unahusu nini?

Alama za vidole hupelekwa Idara ya Sheria ya California na FBI. Utajaza kitabu kizima: makazi yote, mara nyingi ya miaka 10, waajiri wote na sababu za kuondoka, faini za barabarani, madeni, majirani na watu wanaokufahamu. Mchunguzi atawapigia. Idara nyingine huongeza mashine ya kupima uongo.

Wanaoangushwa hapa si wenye makosa ya zamani, ni wenye makaratasi yasiyolingana. Jina lililoandikwa Juma Hamisi kwenye pasipoti na Hamisi Juma kwenye cheti cha shule, liorodheshe kwa namna zote mbili pale wanapouliza majina mengine. Waliotoka kambini wakiwa na tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, iliyowekwa na maofisa wa wakimbizi, waitumie hiyohiyo kila mahali na waeleze sababu kwenye nafasi ya maelezo. Kambi nayo ni makazi: iandike kwa jina, nchi na miaka. Uliyeishi Kenya huenda ukaombwa cheti cha tabia njema; kiagize mapema. Kazi ya siku chache uliyoacha kwa ugomvi iandike. Mchunguzi akiikuta mwenyewe, tatizo si kazi tena.

Kiswahili changu kitanisaidia?

Stesheni fulani za Oakland, ndiyo. Mama wa Kikongo aliyeibiwa pochi atakueleza kwa dakika mbili kile ambacho mkalimani wa simu angekihangaikia dakika 20. Mwite mama, msalimie, kisha uliza. Akiogopa kutoa jina kwa sababu ya hati zake, mwambie kwamba sheria ya California ya mwaka 2017 inawakataza polisi wa jimbo na wa miji kumuuliza mtu hali yake ya uhamiaji. Lakini askari akikuita umtafsirie mtuhumiwa anayehojiwa, omba mkalimani rasmi. Tafsiri yako itajadiliwa mahakamani neno kwa neno, na huwezi kuwa shahidi na mkalimani kwa wakati mmoja. Usitafsiri pia kesi ya ndugu au jirani.

Zamu na vifaa?

Idara nyingi za California hupanga saa 10 kwa siku 4. Saa zote huandikwa kwa mtindo wa 24: 0600 ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu, 1800 ni saa kumi na mbili jioni. Mgeni aandike tarakimu, asitafsiri kichwani. Mkanda utabeba redio, mashine ya hati, tochi, glovu na naloksoni. Jaketi la kuakisi mwanga vaa kila unapoongoza magari, hata mchana. Viatu nunua vyenye soli isiyopitisha mafuta, maana sakafu ya maegesho yenye ghorofa huteleza siku ya mvua ya kwanza.

Naweza kupanda kutoka hapo?

Wengi hutumia miaka ya kwanza kuona kama upolisi unawafaa. Askari wa California lazima awe na umri wa angalau miaka 21, na mafunzo ya msingi ya akademia hayapungui saa 664. Njia nyingine ni chumba cha mawasiliano, ambako kozi ya msingi ni saa 120, au kitengo cha vielelezo. Anayetaka uaskari afanye mapema kozi ya kifungu cha 832 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu sheria za kukamata, saa 40 bila sehemu ya silaha. Vyuo vya jamii huitoa jioni na wikendi, kwa hiyo haikulazimu kuacha kazi.